Singida na daftari la kilo: Somo la uendeshaji liingie viwandani

Mavuno ya alizeti mkoani Singida yakianza kuingia Mei na Juni, mashine za kukamua mafuta hufanya kazi mchana na usiku. Kando ya barabara kuu madumu ya mafuta hupangwa juu ya meza, malori hushusha magunia, na harufu ya mashudu ya moto hutanda katika mitaa yenye viwanda. Miezi michache baadaye viwanda vingi vidogo huwa vimenyamaza. Mashine zipo, mafundi wapo, wateja wapo, mbegu zimekwisha. Ukimya huo huzungumzwa kila mwaka katika vikao vya wadau, na maelezo yake yamezoeleka: wakulima wanalima kidogo, bei haitabiriki, mafuta ya kutoka nje yamefurika sokoni. Yote hayo ni kweli. Ila yapo mambo mengine yanayotokea ndani ya geti la kiwanda, na hayo yanafundishwa kila mwaka katika vyuo vyetu vya biashara chini ya jina refu: usimamizi wa uzalishaji na uendeshaji.

Wanafunzi wengi wa shahada ya kwanza hulichukulia somo hilo kama mlima wa kuvuka. Wanakariri kanuni, wanakokotoa maswali ya mitihani iliyopita, wanafaulu, kisha wanalisahau. Hoja ya makala haya ni kwamba somo hilo linastahili kupewa uzito sawa na uhasibu katika shahada za biashara, na kwamba katika mkoa kama Singida darasa lake la kweli ni kiwanda cha alizeti. Sehemu kubwa ya fedha zinazopotea katika viwanda vyetu vidogo hupotea kwenye mzani, kwenye ghala na kwenye mashine, kabla haijafika kwenye vitabu vya hesabu. Msomi asiyejua kutazama huko atazirekodi hasara hizo kwa usahihi mkubwa bila kuzizuia.

Somo linalouliza maswali ya kiwandani

Kwa ufupi, somo hili linahusu namna malighafi, watu, mashine na muda vinavyokutana mpaka bidhaa au huduma imfikie mteja. Linauliza kiwanda kiwe na uwezo gani, kinunue malighafi kiasi gani na lini, kazi zifuatane vipi, ubora upimwe kwa njia ipi, foleni ipunguzwe namna gani. Historia yake imejaa watu waliokuwa wakitatua tatizo lililokuwa mbele yao. Mwaka 1913 kiwanda cha Ford cha Highland Park, Michigan, kilianza kulisogeza gari mbele ya wafanyakazi badala ya wafanyakazi kulifuata gari, na muda wa kuunganisha chasi moja ukashuka kutoka zaidi ya saa 12 hadi kama saa moja na nusu. Mwaka huohuo mhandisi wa Marekani, Ford Whitman Harris, alichapisha kanuni ya kukadiria kiasi kinachofaa kuagizwa kwa mara moja ili gharama ya kuagiza na gharama ya kutunza ziwe katika uwiano mzuri. Mwaka 1924 Walter Shewhart alichora chati ya kwanza ya udhibiti wa ubora, inayomwezesha msimamizi kutofautisha mabadiliko ya kawaida ya kila siku na dalili kwamba kitu kimeharibika. Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa akitunga maswali ya mtihani.

Sasa tuitazame Singida. Taasisi ya Uhasibu Tanzania, TIA, ina kampasi mjini hapo. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973, lina ofisi mkoani. Kuna kiwanda kikubwa cha Mount Meru Millers, na kuna msururu wa viwanda vidogo vya kukamua vinavyomilikiwa na familia na wafanyabiashara wa hapohapo. Juni 2021 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikutana na wadau wa alizeti mjini Singida, na mkoa huo pamoja na Dodoma na Simiyu ikatajwa kuwa ya kimkakati kwa zao hilo. Sababu ilikuwa wazi: kwa miaka mingi Tanzania imekuwa ikiagiza kutoka nje zaidi ya nusu ya mafuta ya kula inayoyatumia, hasa ya mawese kutoka Asia. Ni nadra kupata mji ambamo tatizo la kitaifa, viwanda vinavyolibeba na chuo cha biashara vimekaa karibu hivyo.

Mashine inayolala inaendelea kula

Jambo la kwanza ambalo somo hili lingeifundisha Singida ni kuutazama uwezo wa kiwanda kama gharama inayotembea hata mashine ikiwa imezimwa. Taifa hili limewahi kulipa ada kubwa kwa somo hilo. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia katika miaka ya 1970, kilipangwa kuzalisha jozi milioni 4 kwa mwaka, nyingi zikiwa za kuuzwa Ulaya. Kuta zake zilikuwa za alumini na jengo halikuwa na mfumo wa kupitisha hewa, katika hali ya hewa ya Morogoro. Hakikuwahi kuzalisha zaidi ya asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 uzalishaji ukasimama. Mashine zilikuwa mpya na za kisasa. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza, kabla saruji haijamwagwa, ngozi ya kiwango kinachotakiwa itatoka wapi kila wiki, nani atanunua, na kiwanda kitalipaje gharama zake kikifanya kazi nusu siku.

Maswali hayohayo yanamhusu mwenye kiwanda kidogo cha alizeti, kwa kipimo chake. Tuchukue mfano wa kukokotoa. Tuseme mashine zake zinaweza kukamua tani 10 za mbegu kwa siku. Kwa siku 300 za kazi, hizo ni tani 3,000 kwa mwaka. Kama mbegu zinapatikana kwa siku 100 tu, anakamua tani 1,000, yaani theluthi ya uwezo. Tuseme pango, ulinzi, leseni, mishahara ya kudumu na marejesho ya mkopo wa mashine vinafika shilingi milioni 60 kwa mwaka. Kila kilo ya mbegu anayokamua inabeba shilingi 60 za gharama hizo. Angekamua tani 3,000, kila kilo ingebeba shilingi 20. Tofauti ya shilingi 40 kwa kilo ndiyo inayomfanya ashindwe kupunguza bei ya dumu lake anaposhindana na mafuta ya kutoka nje, au ashindwe kumwongezea mkulima bei ya gunia. Ukimya wa kiwanda una bei, na bei hiyo wanailipa mlaji na mkulima.

Hapo linazuka swali la akiba. Singida ina msimu mmoja wa mvua, kwa hiyo ina mavuno makuu ya mara moja. Anayetaka kukamua Desemba lazima anunue Juni na Julai, ahifadhi, na asubiri. Wengi hawafanyi hivyo, na wana sababu, maana akiba ni ghali. Tuseme mwenye kiwanda wetu anataka kununua tani 500 za ziada kwa shilingi 800 kwa kilo, akopeshwe kwa riba ya asilimia 18 kwa mwaka, na azitunze miezi sita. Riba itakuwa asilimia 9, sawa na shilingi 72 kwa kilo. Tuongeze asilimia 3 ya upotevu wa panya, unyevu na kumwagika, yaani shilingi 24. Jumla ni shilingi 96 kwa kilo. Akipeleka hesabu hiyo kwa mtu aliyezoea wastani, mtu huyo ataongeza zile shilingi 60 za gharama za kudumu na kusema: usihifadhi, maana kila kilo itabidi ilipe shilingi 156.

Mwanafunzi aliyelielewa somo la uendeshaji atamjibu tofauti. Pango, ulinzi na mkopo wa mashine vimekwisha kulipwa na tani 1,000 za mwanzo. Vitalipwa hata geti likifungwa. Kilo ya akiba inadaiwa shilingi 96 tu. Ikiwa kilo hiyo, baada ya kulipia ununuzi, umeme na vibarua wa Desemba, inaacha shilingi 120, basi kuna faida ya shilingi 24 kwa kila kilo, na kwa tani 500 hizo ni shilingi milioni 12. Aliyefuata shilingi 156 amejinyima fedha hizo, amewarudisha vibarua nyumbani, na ameuacha mji bila mafuta yake wenyewe wakati bei iko juu. Mhasibu mzuri wa gharama anaijua kanuni hii. Lakini hawezi kuitumia bila kujua mbegu zilipotea kiasi gani ghalani, unyevu wake ulikuwa kiasi gani siku ya kuzipokea, na mashine ilikula umeme kiasi gani kwa tani. Taarifa hizo hupatikana kwa kupima, na kupima ni kazi ya uendeshaji.

Fedha zinazotoka getini na mashudu

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Viwanda vyetu vingi vimeuchukua usia huo kwa upande wa fedha: nani amelipwa, nani anadaiwa, madumu mangapi yameuzwa. Daftari linalokosekana ni la kilo. Mbegu za alizeti hutofautiana kwa kiwango cha mafuta. Chotara nzuri hufikia asilimia 40 au zaidi, wakati ile aina ya zamani ya Record kwa kawaida huwa chini ya hapo. Mashine ndogo ya kukamua haiwezi kutoa mafuta yote. Mengine hubaki kwenye mashudu, na kiasi kinachobaki hutegemea usafi wa mbegu, unyevu wake, joto, na uchakavu wa skrubu iliyo ndani ya mashine. Mchanga ulioingia kwenye gunia husaga chuma hicho taratibu, na kila wiki mashudu hutoka na mafuta mengi kidogo kuliko wiki iliyopita.

Tufanye hesabu. Kiwanda kinachokamua tani 1,000 kwa msimu na kupata asilimia 28 ya mafuta kinapata tani 280. Kingekuwa kinapata asilimia 32, kingepata tani 320. Tani 40 za tofauti, kwa kuwa lita moja ya mafuta ya alizeti ina uzito wa karibu gramu 920, ni lita zaidi ya 43,000, yaani madumu zaidi ya 2,100 ya lita 20. Mafuta hayo hayakuibwa na mtu. Yalitoka getini mchana kweupe ndani ya magunia ya mashudu, yakanunuliwa kwa bei ya chakula cha mifugo, na kitabu cha hesabu kikayaandika kama mapato. Hakuna mkaguzi wa fedha atakayeikuta hasara hiyo, kwa sababu kila risiti iko sawa.

Dawa yake inahitaji mzani, kalamu na nidhamu. Pima mbegu zinazoingia kwenye mashine kila zamu, pima mafuta, pima mashudu. Weka alama ya kiasi cha mafuta kwa kila kilo 100 za mbegu kwenye chati ya Shewhart, moja kwa siku. Baada ya wiki tatu utajua kiwanda chako kinacheza kati ya wapi na wapi katika hali ya kawaida. Siku alama zinapoanza kuteremka mfululizo, hapo kuna jambo: mbegu za mzabuni fulani zina mapepe mengi, au skrubu imechakaa, au fundi wa zamu ya usiku anaharakisha. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu aliyefundishwa kuchora chati hiyo kwa takwimu za kiwanda cha kubuni anaweza kuichora kwa takwimu za kiwanda cha jirani. Tofauti ni kwamba hii ya pili inaweza kumrudishia mtu madumu 2,100.

Mfano wa mwisho ni wa sehemu inayobana. Mwenye kiwanda anayeona wateja wanasubiri hufikiria haraka kununua mashine ya pili ya kukamua. Lakini tani 10 za mbegu kwa asilimia 30 hutoa karibu lita 3,260 kwa siku. Kama chujio lake linapitisha lita 2,500 tu, mashine ya pili itaongeza matangi ya mafuta ghafi yanayosubiri, wala haitaongeza hata dumu moja la kuuza. Eliyahu Goldratt aliandika riwaya nzima ya kiwandani, iliyotoka 1984, kueleza jambo hili: kiwanda huenda kwa mwendo wa sehemu yake inayobana, na shilingi inayowekwa penginepo haiongezi mwendo. Mkopo wa mashine ya pili ungelitosha kununua chujio na kubakiza fedha za kununua mbegu za akiba.

Pingamizi na majibu yake

Pingamizi la kwanza, na zito kuliko yote, ni kwamba tatizo la Singida ni sera na mbegu, na usimamizi ni jambo dogo. Mkulima anauliza bei, na bei hiyo haipangwi Singida. Vita vya Urusi na Ukraine vilipoanza Februari 2022, nchi mbili zinazouza sehemu kubwa ya mafuta ya alizeti duniani ziliyumba na bei ikapanda. Baadaye ikashuka, na mkulima wa wilaya ya Ikungi au Iramba akabaki na magunia yake. Ushuru wa mafuta ya nje nao ukibadilika, hesabu zote hubadilika. Pingamizi hili ni la haki, na hakuna chati itakayoziba pengo la sera mbovu. Lakini sera huamua mbegu kiasi gani zitafika getini. Kinachotokea baada ya hapo huamuliwa ndani. Tena kiwanda kinachopoteza mafuta kwenye mashudu hakiwezi kumlipa mkulima bei ya kumrudisha shambani msimu ujao, kwa hiyo uzembe wa ndani huzaa uhaba wa nje. Hata kupata mbegu ni kazi ya uendeshaji: kukadiria mahitaji mapema, kuingia mikataba na vikundi vya wakulima kabla ya mvua, kuwapa mbegu bora, na kupanga nani alete lini ili malori yasikae foleni siku tatu.

Pingamizi la pili linasema wahitimu wa biashara watakuwa wahasibu, maofisa ugavi na watumishi wa halmashauri, na mambo ya mashine ni ya wahandisi. Mhandisi anajua kwa nini skrubu inachakaa. Kuamua ibadilishwe lini, kwa kulinganisha gharama yake na mafuta yanayopotea kila siku inapochelewa, ni uamuzi wa biashara, na unahitaji mtu anayeyaelewa mambo yote mawili. Na uendeshaji hauishii kiwandani. Vitunguu vya Singida vinavyooza kabla ya kupata lori ni tatizo la uhifadhi na ratiba. Kuku wa kienyeji wanaosafirishwa kwenda Dar es Salaam ni mnyororo wa ugavi ambao kila saa ya ziada njiani ina gharama. Foleni ya dirisha la dawa hospitalini inatii kanuni ambayo John Little aliithibitisha 1961: kama wagonjwa 30 hufika kila saa na kila mmoja hukaa saa mbili, kwenye mabenchi watakuwepo kwa wastani watu 60 muda wote. Punguza muda huo uwe saa moja na watabaki 30, bila kuongeza jengo. Mtumishi wa halmashauri anayeijua kanuni hiyo ataomba bajeti tofauti na asiyeijua.

Pingamizi la tatu ni kwamba nadharia hizi ni za Detroit na Japani, na kwamba mwenye kiwanda cha watu wanane hawezi kumwajiri msomi wa shahada. Historia inajibu sehemu ya kwanza. Toyota, baada ya Vita Kuu ya Pili, ilikuwa kampuni yenye mtaji mdogo katika nchi iliyoharibiwa. Mwaka 1950 ilikaribia kufilisika. Mbinu ambazo mhandisi wake Taiichi Ohno alizikuza hapo, za kupunguza akiba zisizo za lazima, kusimamisha kazi kasoro inapoonekana na kuondoa kila aina ya upotevu, zilizaliwa na uhaba. Ni mbinu za watu wasio na fedha za kuchezea, na sisi ndio hao. Tanzania yenyewe imekwisha kuzifanyia kazi: tangu 2013 wizara inayohusika na viwanda, kwa ushirikiano na shirika la maendeleo la Japani, JICA, imekuwa ikiendesha viwandani mafunzo ya kaizen, yaani uboreshaji endelevu. Zinahitaji kutafsiriwa kwa busara, maana kiwanda cha alizeti chenye mavuno ya mara moja kwa mwaka hakiwezi kuishi bila akiba kama kiwanda cha magari, na hapo ndipo mwanafunzi hupimwa kama ameelewa au amekariri.

Kuhusu mwajiri mdogo, hakuna anayesema kila kiwanda kiajiri mtu wa shahada. Viwanda kumi vinaweza kuchangia mshauri mmoja. Baadhi ya wahitimu watavianzisha viwanda vyao wenyewe. Wengine watakuwa benki wakipitia maombi ya mikopo, na ofisa mikopo anayeweza kuuliza chujio lako linapitisha lita ngapi atamwokoa mteja na mkopo usio na faida. Mashine nazo hazikuwa kikwazo pekee hata zamani. Katikati ya miaka ya 1980, huko Arusha, mhandisi Carl Bielenberg alibuni mashine ya mkono ya kukamulia alizeti kwa ajili ya vijiji, na vyombo vya kukamulia vya ukubwa mbalimbali vimeendelea kutengenezwa na kuingizwa nchini tangu hapo. Miaka 40 ya kuongeza mashine imetufikisha kwenye mashine zinazolala. Kinachofuata kinapaswa kuwa hesabu.

Pingamizi la mwisho ni la utekelezaji: madarasa ni makubwa, mwalimu ni mmoja, na wenye viwanda wanaogopa kwamba mwanafunzi anayeuliza maswali ni jicho la watoza kodi. Woga huo una msingi, na hautaondolewa kwa barua yenye mhuri wa chuo. Njia ni kuanza na kilo na kuziacha shilingi. Mwanafunzi apime mbegu, mafuta, mashudu, saa za umeme na muda wa kusubiri. Bei na mauzo abaki navyo mwenye mali. Ripoti itaje kiwanda kwa herufi, na nakala ya kwanza apewe mwenye kiwanda. Akishaona kwamba chati imemwonyesha tatizo la zamu ya usiku, mwaka unaofuata atawaita mwenyewe. Kwa upande wa ukubwa wa madarasa, wanafunzi sita kwa kiwanda kimoja, wakipokezana zamu, ni mpango unaowezekana katika mji wenye viwanda vingi vidogo kama Singida.

Kalenda nayo iko upande wetu. Mwaka wa masomo wa vyuo vikuu nchini huanza Oktoba au Novemba na kufikia mitihani Julai, kisha wanafunzi huenda field. Miezi hiyo, kuanzia Julai hadi Septemba, ndiyo miezi ambayo viwanda vya alizeti vina kazi nyingi. Badala ya wanafunzi wote kugombea nafasi katika ofisi za serikali na benki, ambako wengi huishia kupanga mafaili na kutoa nakala, sehemu yao ingepangiwa viwandani ikiwa na kazi moja iliyo wazi: kujaza daftari la kilo kwa wiki nane, kuchora chati, kutafuta sehemu inayobana, na kumkabidhi mwenye kiwanda pendekezo moja linaloweza kutekelezwa kwa fedha alizonazo. Takwimu hizo zikirudi darasani Novemba, mwalimu atakuwa na mifano ya Singida ya kufundishia, na mitihani inaweza kutungwa kutokana nayo. Baada ya miaka mitano mkoa utakuwa na hazina ya takwimu za uendeshaji wa viwanda vyake, zitakazowasaidia SIDO, benki na hata watunga sera wanaojadili ushuru.

Mpango huu hauhitaji jengo jipya wala sheria mpya. Vyuo vinavyofundisha biashara katika mikoa ya alizeti vilipe somo la uendeshaji alama za kazi ya kiwandani zisizopungua zile za mtihani wa mwisho. Wenye viwanda wafungue mageti kwa wiki nane na wawape vijana mzani. SIDO iwe kiungo, kwa kuwa inazijua pande zote mbili. Nawe mwanafunzi unayesoma haya ukiwa na kitabu cha somo hilo mezani, usisubiri utaratibu ukamilike: nenda kwenye kiwanda kilicho karibu nawe msimu huu, omba ruhusa, na uulize kila kilo 100 za mbegu zinatoa kilo ngapi za mafuta. Kama hakuna anayejua jibu, umeshapata kazi ya kufanya.